Kinyozi Hajinyoi?

Mara mbili kila mwaka watu wetu hufanya makusudi makubwa: mwanzo wa mwaka mpya, na Jumatano ya Majivu. Mmoja asema hataonja tena pombe. Mwingine asema ataweka akiba kila mwezi mpaka aezeke nyumba yake, ambayo imesimama kwenye linta miaka mitatu sasa. Kijana asema ameachana na mikeka ya kamari. Baba asema tangu leo atasali pamoja na jamaa yake kila jioni. Maneno hayo ni mazuri, wala wanaoyasema hawasemi uongo. Saa ile wanataka kweli. Lakini Pasaka ifikapo twawakuta wengi pale pale tulipowaacha: nyumba haina bati, mkeka unawekwa tena kwa simu, na rozari imetundikwa ukutani kama pambo.

Jambo hilo si la kuchekwa. Mtu akivunja kusudi lake mara moja, hupoteza siku chache. Akilivunja kila mwaka, hupoteza kitu kikubwa zaidi, maana hujizoeza kutolisadiki neno lake mwenyewe. Na neno la mtu likisha kukosa nguvu mbele ya nafsi yake, litapata wapi nguvu mbele ya mkewe, mbele ya watoto wake, na mbele ya Mungu? Kwa hiyo twaona yafaa tuulize kwa utaratibu: je, mtu aweza kujiongoza mwenyewe, akajiwekea shabaha, akashinda magumu yake? Au ni kazi isiyowezekana, nasi twajisumbua bure?

Wahenga wasema kinyozi hajinyoi, tena mganga hajigangi. Walikuwa na sababu. Mwalimu darasani ana wanafunzi, na mfunzaji wa mpira ana wachezaji wake: yeye huamuru, wao hufuata. Lakini mtu atakaye kujishinda ni mwalimu na mwanafunzi pamoja. Yeye ndiye atoaye amri, na yeye ndiye aikataaye. Yeye ndiye hakimu, yeye ndiye mshitakiwa, na mara nyingi yeye ndiye shahidi wa pekee. Kesi ya namna hiyo ni shida kuamuliwa kwa haki. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi habari ya vita hiyo, jinsi mtu alipendavyo jema na kutenda lile asilolipenda. Na Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake cha Maungamo, alistaajabu kuona ya kwamba roho ikiuamuru mkono uinuke, mkono hutii papo hapo. Lakini roho ikijiamuru yenyewe, hupata upinzani.

Kwa swali hilo twasikia majibu mawili siku hizi, moja barazani na moja katika mikutano ya kulipia. Yote mawili ni ya zamani kuliko wanavyodhani wenye kuyatoa, na yote mawili ni ya hatari.

Jibu la kwanza ni hili: ndivyo nilivyoumbwa. Mwenye hasira asema hasira ni ya ukoo wao. Mlevi asema baba yake alikunywa, na babu yake alikunywa. Mvivu asema hakuzoezwa kazi utotoni, kisha hutoa methali kuwa shahidi wake: samaki mkunje angali mbichi, naye amekwisha kukauka. Methali hiyo ni ya kweli kwa wazazi, nao wataulizwa habari ya watoto wao. Lakini yeye aitumiaye kujitetea anaivunjia maana. Samaki aliyekauka hana akili wala utashi. Hajui ya kuwa amekauka. Mtu ajua. Na kule kujua kwenyewe ni alama ya kwamba bado kuna kitu ndani yake kisichokauka.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, afundisha jambo hili kwa namna iliyo wazi sana, akimfuata Aristotle. Asema ya kuwa mazoea, yawe mema ama mabaya, huzaliwa na matendo yaliyorudiwa-rudiwa, nayo hupungua matendo hayo yakomapo. Hakuna aliyezaliwa mlevi. Alikunywa siku ya kwanza, akanywa ya pili, na ya mia hakuhesabu tena. Chovya chovya ikamaliza buyu la asali. Basi, kitu kilichojengwa tofali kwa tofali chaweza kubomolewa tofali kwa tofali. Ni kazi ya polepole na yenye kuumiza, maana mazoea yana taabu. Lakini mwenye kusema haiwezekani anamkana Mwumba aliyempa utashi huru. Tena anajifungulia mlango wa kuendelea.

Jibu la pili lina sura nzuri zaidi, na kwa hiyo hudanganya wengi zaidi. Lasema: yote yamo ndani yako, ukitaka utaweza, anayeshindwa ni yeye asiyetaka kweli. Siku hizi wako wahamasishaji wanaojaza kumbi kwa maneno hayo, na kijana asiye na kazi hulipa kiingilio ili aambiwe ya kuwa kizuizi chake ni fikra zake tu. Hatusemi kwamba kila asemalo mhamasishaji ni baya. Kumwamsha aliyelala ni tendo jema, na kumfundisha mtu kupanga siku yake ni msaada. Lakini mafundisho yale, yakishikwa yalivyo, ni mafundisho ambayo Kanisa lilikwisha kuyapima, tena lilianza kuyapima hapa Afrika.

Pelagio alikuwa mtu wa Uingereza aliyeishi Roma miaka ya 400, mwenye mwenendo mkali na sifa njema. Aliona Wakristo wengi wavivu wakijificha nyuma ya udhaifu wao, akakasirika. Akafundisha ya kwamba mwanadamu aweza kutimiza amri zote za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, akitaka tu. Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo, alimpinga, na maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago mwaka 418 waliyahukumu mafundisho hayo. Wengine hudhani kwamba maaskofu wale waliwatetea wavivu. Sivyo. Waliwatetea walioanguka. Maana ikiwa yote hutegemea utashi wangu tu, basi nikishinda nitajisifu na kuwadharau ndugu zangu, na nikishindwa sitakuwa na wa kumwita. Fundisho la Pelagio halina mahali pa sala, wala pa msamaha, wala pa mkono wa jirani.

Tena kuna udhalimu mwingine ndani yake. Mama auzaye vitumbua alfajiri, ambaye faida yake yote huliwa na ule mkopo watu wauitao kausha damu, hakosi shabaha wala bidii. Huamka saa kumi za usiku, jambo ambalo wahubiri wengi wa bidii hawalifanyi. Kumwambia abadili fikra zake ni kumbebesha dhambi ya mwingine. Papa Leo wa XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, hakuwaambia wafanyakazi wajitie moyo tu. Alidai walipwe ujira wa haki. Kwa hiyo yeye atakaye kujiongoza hana budi kuanza kwa kupambanua: lipi li mikononi mwangu, na lipi halimo? Ugonjwa, ukame, riba ya kinyonyaji, hayo hayashindwi kwa kusudi la mtu mmoja; yataka dawa, ushirika na sheria njema. Lakini ulimi wangu, chupa yangu, saa yangu ya kuamka, shilingi iliyo mfukoni mwangu, hayo ni shamba langu, wala hakuna mwingine atakayelilima.

Tukisha kuyaweka kando majibu hayo mawili, yatupasa kuonyesha njia iliyo katikati. Tutaionyesha kwa mfano wa mtu asiye na elimu, asiye padre wala mtawa, mchukuzi wa mizigo katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi. Jina lake Matt Talbot.

Alizaliwa mwaka 1856 katika nyumba ya maskini yenye watoto wengi. Alipopata umri wa miaka 12 hivi alianza kazi kwa wafanyabiashara wa mvinyo, na huko huko akajifunza kunywa. Kwa muda wa miaka 15 na zaidi mshahara wake ulikwenda baani. Ukiisha, alikopa, akikosa wa kumkopesha, aliweka viatu vyake rehani, na siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla fidla yake, wakaiuza wapate kunywa. Mwaka 1884, Jumamosi moja, alikuwa hana mshahara kwa sababu hakufanya kazi juma lile. Akasimama karibu na baa akingoja rafiki zake, wale aliokuwa akiwanunulia kila mara alipokuwa na kitu. Wakapita mmoja mmoja. Hakuna aliyemkaribisha. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake ya kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama akamwonya asiiweke asipokusudia kuitimiza. Akaenda, akaungama kwa padre, akaweka ahadi ya miezi mitatu.

Twaomba wasomaji wetu wasimame kidogo hapo. Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi mitatu, na hata hiyo aliiona ndefu mno, akadhani hataiweza. Miezi mitatu ilipokwisha, aliahidi tena kwa muda mrefu zaidi, na baadaye akaahidi kwa maisha. Tarehe 7 Juni 1925 alianguka njiani akienda Misa, akafa. Alikuwa amekaa miaka 41 bila kuonja pombe. Mwaka 1975 Papa Paulo wa VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Kusudi la miezi mitatu lina hekima kubwa. Anayeapa maisha yote katika siku ya huzuni anaapa kwa ajili ya mtu asiyemjua, yaani yeye mwenyewe wa miaka 20 ijayo. Anayeahidi miezi mitatu anaahidi kwa ajili ya mtu anayemjua. Mwisho wa safari anauona, na akiufikia amepata ushindi wa kweli wa kumtia nguvu kwa hatua ya pili. Ndivyo tulivyo: moyo hulishwa na ushindi mdogo uliokamilika kuliko ndoto kubwa isiyoanza. Haba na haba hujaza kibaba. Tena kusudi liwe moja. Mwalimu Nyerere alifundisha mwaka 1969 ya kwamba kupanga ni kuchagua, naye alikuwa akisema habari za taifa zima; sembuse mtu mmoja? Atakaye kuacha pombe, kuweka akiba, kusoma usiku na kufunga mara tatu kwa juma, yote kuanzia Jumatatu, kwa kweli hajachagua kitu.

Jambo la pili tunalojifunza kwa Talbot ni hili: hakutegemea nguvu za moyo wake mbele ya baa. Katika siku zile za kwanza aliona ya kuwa fedha mfukoni humvuta mlangoni, basi akajiwekea kanuni ya kutotembea na fedha. Kanisa limetufundisha tangu katekisimu kukimbia nafasi za dhambi, na wengi hudhani hilo ni somo la watoto. Ni somo la watu wazima wenye akili. Yeye aachaye kamari huku ameiacha programu yake ndani ya simu, na fedha ndani ya simu hiyo hiyo, anamwalika adui chakulani kisha anaomba nguvu za kutokula naye. Aifute programu ile. Fedha amkabidhi mkewe au aipeleke kwenye kikundi cha akiba siku ile ile ya mshahara. Utashi ni askari mwema, lakini hata askari mwema huhitaji boma.

Jambo la tatu ni hesabu. Hapa mwalimu wetu ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyekuwa askari kabla hajalianzisha Shirika la Yesu. Kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo wa III mwaka 1548, kina zoezi ambalo mtu yeyote mwenye kalamu aweza kulifanya. Mtu achague kilema kimoja tu. Asubuhi anapoamka, akusudie kujilinda na kilema hicho. Baada ya chakula cha mchana aipitie asubuhi yake saa kwa saa, akatie nukta katika mstari kwa kila mara aliyoanguka. Baada ya chakula cha jioni afanye vivyo hivyo katika mstari wa pili. Kila siku ina mistari yake. Kisha alinganishe jioni na mchana, leo na jana, juma hili na juma lililopita, aone kama amesogea.

Labda mtu atasema: hiyo ni hesabu ya duka, Mungu hataki nukta, ataka moyo. Ni kweli Mungu ataka moyo. Lakini moyo una kipaji cha kusahau. Mwulize mtu mwenye hasira amegomba mara ngapi juma hili, atasema mara moja au mbili. Ukimwuliza mkewe utapata hesabu nyingine. Nukta hazisahau wala hazipendelei. Wala faida yake haikujulikana na Wakatoliki tu. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1706 na ambaye hakuwa Mkatoliki, alijitengenezea kijitabu chenye fadhila 13, safu saba kwa siku saba, na alama nyeusi kwa kila kosa. Kila juma alishughulika na fadhila moja, hata mwaka ukawa na mizunguko minne. Mwenyewe alikiri ya kwamba utaratibu wa vitu vyake ulimshinda kuliko yote, na kwamba hakufikia ukamilifu aliokuwa akiutafuta. Walakini aliona amekuwa mtu bora na mwenye furaha kuliko kama asingalijaribu.

Hesabu hiyo ndiyo kioo, na kinyozi mwenye kioo aweza kujinyoa. Methali haikukosea; inatuonya juu ya kinyozi asiye na kioo. Lakini hata mwenye kioo hafiki kisogoni. Kuna upande wa nafsi yetu ambao hatuuoni hata tukijitazama namna gani, na huko lazima mkono wa mwingine upite. Ndiyo maana Talbot hakuishia kuahidi moyoni. Alikwenda kwa padre, akaungama, akaiweka ahadi yake mbele ya mtu. Mwaka 1898, katika mji ule ule wa Dublin, Padre James Cullen, Mjesuiti, alianzisha chama cha Pioneer cha watu wasiokunywa pombe, kwa sababu alijua ya kwamba ahadi ya peke yako hunyauka upesi. Chama hicho kimefika hata Afrika Mashariki. Basi, mwenye kusudi amtafute shahidi: muungamishi, mke au mume, rafiki asiyeogopa kumwambia kweli, au wanajumuiya wenzake. Asimchague mtu wa kumsifu, wala mtu wa kumtangaza. Na shahidi aulize mara moja kwa juma, asiulize kila saa.

Sasa tuseme habari ya kuanguka, maana hapo ndipo makusudi mengi hufia. Kijana amekaa siku 19 bila kamari. Ya 20 akaweka mkeka, akaliwa. Anasema nini? Anasema yote yamekwisha, na usiku ule anaweka mingine mitano. Si ule wa kwanza uliomharibu. Ni ile mitano. Na iliyozaa mitano ile ni hasira ya majivuno: alijidhania kuwa mtu asiyeanguka, na sasa hawezi kustahimili kujiona chini. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha Utangulizi wa Maisha ya Ibada cha mwaka 1609, atufundisha kuwa wapole hata kwa nafsi zetu. Asema mioyo yetu hurekebishwa vema zaidi kwa maonyo ya utulivu, kama baba mwema amrudivyo mwanawe, kuliko kwa ghadhabu na matukano. Kujihurumia hivyo si ulegevu. Mlegevu haandiki nukta. Mwenye majuto ya kweli huandika nukta moja, huomba msamaha, huinuka siku ile ile. Na kesho siku yake ni ya 21 yenye anguko moja nyuma yake, si siku ya kwanza tena. Siku 19 alizoshinda zilikuwa za kweli, na hakuna awezaye kuzifuta.

Yafaa pia kila mtu ajichunguze kama shabaha aliyoichagua ni yake. Papa Yohane wa XXIII alianza kuandika makusudi yake mwaka 1895, alipokuwa mseminari mdogo wa miaka 14, naye aliendelea kuandika maisha yake yote. Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Katika ujana wake alijaribu kuiga kila tendo la watakatifu aliowasoma, akajikuta hapati amani. Mwaka 1903 aliandika ya kuwa njia ile si sawa: yampasa achukue kiini cha fadhila zao, kisha aishi kadiri ya hali yake mwenyewe. Leo kijana hutazama katika simu yake gari la huyu na nyumba ya yule, akaviandika kuwa shabaha zake. Hajiulizi kama Mungu amemwita huko. Shabaha ya kuazima haina nguvu siku ya taabu, maana mwenyewe hajui aliitakia nini.

Na hilo latuleta kwenye swali lililo kubwa kuliko yote: nijishinde kwa ajili ya nini? Mtu aweza kuacha pombe ili awe tajiri, na akisha kuwa tajiri akawafungia mlango ndugu zake. Aweza kuamka alfajiri kila siku, akafunga, akaweka akiba, akawa bwana wa nafsi yake, kisha akawatazama wanyonge kwa dharau kama yule Farisayo hekaluni, ambaye makusudi yake yote yalikuwa yametimia. Huyo ameshinda vita akapoteza nchi. Talbot alipoacha kunywa, alilipa madeni yake ya baa moja baada ya nyingine. Alimtafuta yule mpiga fidla mjini. Alipomkosa, alitoa fedha zisomwe Misa kwa ajili yake. Sehemu kubwa ya mshahara wake aliwapa maskini na misioni. Kwake yeye kuacha pombe kulikuwa kulipa deni alilodaiwa na Mungu na watu. Twadhani hapo ndipo palipokuwa na siri ya nguvu zake. Anayejishinda ili apate sifa huchoka sifa zinapokawia. Anayejishinda ili mkewe apate usingizi na watoto wapate ada ya shule, huyo ana sababu inayomngojea nyumbani kila jioni.

Basi, swali letu twalijibu hivi. Mtu aweza kujiongoza, tena ni wajibu wake. Lakini hawezi kujiongoza peke yake. Utashi wake ni wa kweli, nao umejeruhiwa. Neema haiji badala ya kazi yake, bali huja ndani ya kazi hiyo, kama mvua ijavyo katika shamba lililolimwa. Asiyelima hana haki ya kulaumu mvua, na aliyelima asidhani ya kuwa jembe lake ndilo lililoziotesha mbegu.

Kwaresima ina siku 40. Ni muda mfupi kuliko miezi mitatu ya Talbot, na hata mnyonge kati yetu aweza kuuona mwisho wake. Twawaomba wasomaji wetu wasiiingie na orodha ndefu. Kila mmoja achague jambo moja lililo mikononi mwake, tena jambo ambalo mtu wa nyumbani mwake atanufaika likibadilika. Alitaje kwa padre au kwa rafiki mmoja mwaminifu. Aondoe kitu kimoja kinachomvuta nyuma, leo, kabla ya kulala. Atafute daftari la senti chache, apige mistari ya siku saba, na kila jioni baada ya sala aandike alivyokwenda, bila kujipendelea na bila kujitukana. Akianguka, ainuke siku ile ile. Siku 40 zikiisha, atazame daftari lake, amshukuru Mungu kwa kila mstari mweupe, kisha akusudie tena.